Maswali ya Bustani: Ndago Imerudi, na Magugu Mengine Yasiyokubali Kung'oka

Tangu mvua za masika zipungue, karibu barua zote zilizoifikia safu hii zinalalamikia magugu, na nimechagua tano ambazo majibu yake yatawafaa wasomaji wengi wa Mombasa na pembezoni mwake. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko zote, kwa sababu ndago ndiyo inayoulizwa mara nyingi zaidi, na ndiyo inayoshambuliwa kwa njia zinazoiongezea nguvu.

Asalaam aleikum, Bwana Mshauri. Nyuma ya nyumba yangu nina kiwanja cha kama hatua kumi kwa sita, ambamo napanda mchicha, bamia na pilipili. Mwaka jana nilinunua mkokoteni wa samadi nikaitia kwenye matuta, na miezi michache baadaye yakaota majani membamba yenye kung'aa ambayo mama mkwe wangu anayaita ndago. Nimelima kwa jembe kila wiki, isipokuwa mwezi wa Ramadhani na siku chache baada ya Idi, nilipopumzika. Nilitandika nailoni nyeusi, ikatobolewa kama karatasi. Kijana wa duka la dawa za kilimo akaniuzia dawa ya magugu ya majani mapana, na haikufanya kitu. Kila ninapolima ndipo inapozidi. Je, niiache bustani?
Msomaji wa Kisauni

Waaleikum salaam, dada yangu. Usiiache bustani. Kwanza hakikisha kwamba adui ni yeye kweli, kwa maana nyasi nyingi hufanana kwa mbali. Kata bua linalobeba maua, uliviringishe baina ya vidole viwili: bua la nyasi za kawaida ni la mviringo, lakini la ndago lina pembe tatu, nawe utazihisi. Maua yake yana rangi ya hudhurungi inayoelekea zambarau. Kisha fukua taratibu kwa mkono, bila kuvuta, ufuate mzizi mwembamba mgumu kama waya. Utaona umeshikana na kiazi kidogo, kisha kingine, kisha kingine, kama shanga za tasbihi kwenye uzi. Viazi vichanga ni vyeupe, vilivyokomaa ni vigumu na vyeusi, na ukivikwaruza kwa kucha vinatoa harufu kali inayokaribia ya manukato. Ukiona hayo, mama mkwe wako hakukosea.

Siri ya ndago imo katika uzi huo. Maadamu mnyororo ni mzima, kiazi cha mwisho huvizuia vingine visichipue, navyo hukaa vimelala ardhini vikisubiri. Jembe likipita na kuukata mnyororo vipande vitano, kizuizi hicho huondoka, na viazi vilivyokuwa vimelala huamka, kila kimoja kikitoa mmea wake. Ndiyo sababu unaona kwamba kila ukilima inazidi. Macho yako hayakudanganyi. Na ukiishika ndago kwa majani na kuivuta, shina hukatika pale juu ya kiazi, nawe huondoka na majani mkononi ukidhani umeing'oa.

Jambo la pili limo ndani ya barua yako mwenyewe. Chipukizi la ndago likiachwa bila kuguswa, huanza kutengeneza viazi vipya baada ya wiki nne hadi sita hivi tangu litokeze juu ya ardhi. Mapumziko yako ya Ramadhani na Idi yalikaribia wiki tano. Kwa hiyo kazi yote uliyoifanya kabla yake, ambayo ilikuwa imeanza kuimaliza akiba ya chakula iliyomo kwenye viazi, ilifidiwa katika kipindi hicho kimoja, na masika yalipoingia yakakuta viazi vipya vimejaa. Sisemi haya kwa kukulaumu. Nasema ili ujue kwamba vita vya ndago hupiganwa kwa kalenda zaidi kuliko kwa nguvu za mikono.

Sasa tufanye nini? Kiwanja chako ni kidogo kiasi cha kuwezekana kusafishwa kwa mkono, tuta moja baada ya jingine, na mchanga mwepesi wa Kisauni ni bahati, kwa kuwa mwenye udongo mzito wa mfinyanzi hawezi hata kuijaribu njia hii. Chagua tuta moja tu. Limwagilie maji siku mbili kabla, ardhi iwe na unyevu lakini isiwe tope. Tumia jembe la meno badala ya jembe la kawaida, kwa sababu meno huinua udongo ilhali bapa hukata minyororo. Anza pembeni, nje ya sehemu iliyovamiwa, ushuke hadi sentimita 30. Viazi vingi hukaa katika sentimita 15 za juu, lakini vilivyo chini zaidi ndivyo vitakavyokurudisha nyuma ukivisahau. Udongo unaouinua upitishe kwenye chekeche ya mafundi wajenzi, ile wanayochekechea mchanga wa lipu. Viazi vitabaki juu ya wavu, na vile vidogo kama punje ya njegere uvitafute kwa macho. Ni kazi ya kuchosha mgongo, nami naijua, lakini katika miaka yote ya kulima sijaona njia nyingine inayopunguza ndago kwa kiasi hicho kwa siku moja.

Viazi ulivyovitoa usivitupe kwenye shimo la mbolea vunde wala ng'ambo ya ukuta kwa jirani. Udhaifu mkubwa wa kiazi cha ndago ni ukavu. Vitandaze juu ya saruji au bati linalopigwa na jua kwa wiki mbili, bila kuviacha vinyeshewe hata mara moja, navyo vitasinyaa na kufa, kisha vichome.

Baada ya hapo usidhani umemaliza, kwa maana lazima vingine vimebaki. Chipukizi litakapotokea, lifukue kwa kisu pamoja na kiazi chake kabla halijafikisha majani sita. Kama huna nafasi ya kufukua, kata usawa wa ardhi, na urudi kukata tena kila baada ya wiki mbili bila kukosa. Kila kiazi kinapochipua hutumia sehemu kubwa ya akiba yake, na chipukizi la pili huwa dhaifu kuliko la kwanza, mradi tu majani hayapati muda wa kurudisha chini yalichokopa. Utaratibu huu uendelee kwa mwaka mzima, na wakati mwingine miwili. Ukijua kwamba utasafiri au kuwa na shughuli, mkabidhi mtu kazi hiyo mapema, kama unavyomkabidhi kuku wako.

Ndago ina udhaifu mwingine ambao wakulima wadogo hawautumii vya kutosha: haipendi kivuli. Tuta ulilolisafisha usilipande bamia mara moja, kwa sababu bamia husimama wima na kuacha ardhi wazi. Panda vipando vya viazi vitamu, hatua moja ndogo baina ya kipando na kingine, uvune matembele tu, na mizizi uiache bila kuchimba mwaka huo. Vikishatambaa na kufunika ardhi yote, ndago itakayojipenyeza itakuwa nyembamba na ya rangi ya manjano, na itatengeneza viazi vichache. Kunde zinazotambaa nazo zinafaa. Nyumba yako haitakosa mboga, na ardhi haitakaa uchi.

Kuhusu nailoni, tatizo lilikuwa rangi. Ncha ya chipukizi la ndago ni kali kama sindano, na gizani, chini ya nailoni nyeusi, huendelea kubaki ncha mpaka ipate mwanga, kwa hiyo hutoboa. Chini ya nailoni angavu, inayopitisha mwanga, chipukizi hudhani limekwisha kufika juu, hufungua majani chini ya nailoni yenyewe, na majani hayo huungua kwa joto. Lakini hili lahitaji jua la kaskazi. Subiri Januari na Februari, umwagilie tuta lilowe vizuri, utandaze nailoni angavu ikigusana na udongo, uzike kingo zake zote ili hewa isitoke, na uiache wiki sita. Viazi vya juu vitakufa. Vya chini kabisa vinaweza kusalimika, kwa hiyo njia hii husaidia kuchekecha na haiwezi kuchukua nafasi yake. Kuifanya sasa, wakati wa upepo wa kusi na mawingu yake, ni kupoteza nailoni.

Dawa uliyouziwa haikufanya kazi kwa sababu ndago si jani pana, na kwa hakika si hata nyasi halisi. Ni ya ukoo wa mafunjo. Dawa inayosafiri kutoka kwenye majani hadi viazini, kama glaifosati, inaweza kuipunguza, ila ni lazima ipulizwe wakati majani ni mabichi, mengi na yanakua kwa nguvu, bila kukatwa kwa wiki kadhaa kabla. Wengi hufyeka kwanza ndipo wapulize, na dawa hukosa mlango wa kuingilia. Hata ikipulizwa vyema, haiviui viazi vilivyolala visivyo na majani, kwa hiyo marudio hayaepukiki. Ieleweke pia kwamba glaifosati huua kila jani la kijani inaloligusa, na kwamba mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani kwa binadamu, ingawa mamlaka za dawa za kilimo za nchi kadhaa zimefikia hukumu tofauti. Katika kiwanja cha hatua kumi kwa sita kinacholisha watoto wako mchicha, mimi nisingeitumia. Mwenye shamba kubwa anayeamua kuitumia anunue chupa iliyofungwa, yenye nambari ya usajili ya bodi ya serikali inayosimamia dawa hizo, PCPB, asome kipimo, avae buti, glavu na shati la mikono mirefu, na bomba lile asilitumie tena kupulizia mboga.

Limebaki suala la samadi, ambalo ndilo chanzo. Ndago yenye maua ya zambarau haienei sana kwa mbegu. Husafirishwa na sisi, katika samadi, udongo wa kujazia na vikopo vya miche. Mimi mwenyewe niliiingiza kwangu ndani ya kikopo cha mche wa mdimu nilioununua kando ya barabara, na mdimu ule ulikufa zamani ilhali ndago nilihangaika nayo miaka mitatu. Tangu hapo, kila samadi au udongo mgeni naweka kiasi kwenye beseni, naumwagilia, na kuuangalia kwa wiki tatu kabla ya kuutia bustanini. Kikiota chochote chenye bua la pembe tatu, naurudisha kwa mwenyewe. Miche nayo naitoa kikoponi na kukagua mizizi. Gugu hili limeripotiwa katika nchi zaidi ya 90, na haliwezi kufika lango lako bila kubebwa.

Bwana Mshauri, salaam. Mbele ya nyumba nimetandika kabro, na katikati yake huota nyasi zisizoisha. Jirani amenishauri nimwage chumvi ya mawe, na mwingine ananiambia oili chafu ya gari ndiyo dawa. Nina kisima hatua kama ishirini kutoka hapo. Lipi ni bora?
Msomaji wa Bamburi

Ndugu yangu, nakuomba kwa dhati usitumie lolote kati ya hayo mawili, na kama chumvi umekwisha kuinunua, iuze. Nyumba zetu nyingi za ukanda huu zimesimama juu ya mwamba wa matumbawe, ambao ni chokaa yenye nyufa na mashimo. Kinachomwagwa juu yake hakichujwi kama kinavyochujwa na udongo mzito. Mvua moja kubwa hukiteremsha mpaka kwenye maji ya kisima. Visima vya Mombasa tayari vinapambana na maji ya bahari yanayoingia kutoka chini kwa sababu ya kuvutwa kupita kiasi. Kuvitia chumvi nyingine kutoka juu ni kuvisaidia kuharibika.

Chumvi haiozi wala haipotei. Itaua nyasi, kweli, kisha itafuata mizizi ya mwembe na mpapai wako, na itapanda na unyevu hadi kwenye ukuta wa nyumba, ambako utaona lipu ikibambuka na rangi ikitoka unga, na vyuma vilivyomo ndani ya zege vikishika kutu. Mnazi unaweza kuvumilia chumvi kidogo, lakini nyumba haivumilii. Oili chafu ni mbaya zaidi, kwa kuwa imebeba madini mazito na masizi ya injini, nayo hukaa ardhini miaka mingi. Mtoto wako akicheza hapo atakuwa anaishika kwa mikono kila siku.

Magugu ya kabro huota kwa sababu mchanga wa viungo umetoka na nafasi yake imejaa vumbi, majani yaliyooza na mbegu. Siku moja baada ya mvua, wakati viungo ni laini, pitisha kisu kizee au kipande cha chuma chembamba kilichokunjwa ncha, ukikwangua mizizi. Mwagia viungo maji yanayochemka kutoka kwenye birika, polepole, ukiwa umevaa viatu na watoto wakiwa ndani. Maji hayo huua machipukizi na mbegu nyingi za juu bila kuacha sumu yoyote. Acha pakauke kabisa, kisha jaza viungo kwa mchanga mkavu uliochanganywa na saruji kidogo, ufagie juu, unyunyize maji kama umande ili ishike. Siki, ambayo wengine huisifu, huunguza majani tu na kuuacha mzizi, tena asidi yake hula saruji na mawe ya chokaa. Baada ya hapo fagio la kila wiki linatosha, kwa maana mbegu isiyopata vumbi haioti.

Mwalimu wa bustani, asalaam aleikum. Nyumba ya nyanya yangu iko Mji wa Kale, na ukutani, karibu na paa, umeota mkilifi. Uani nako miche yake inachipua kila mahali. Nyanya hataki uguswe, anasema mwarobaini ni dawa. Nimheshimu vipi bila ya ukuta kuanguka?
Mjukuu

Waaleikum salaam, mwanangu. Mpelekee nyanya salamu zangu, na umwambie kwamba sisemi lolote dhidi ya dawa yake. Mkilifi, ambao wengi huuita mwarobaini kwa kuwa wazee waliamini kwamba unatibu maradhi arobaini, ni mti wenye manufaa mengi, na kivuli chake ni cha rehema. Lakini si mti wa asili wa pwani hii. Asili yake ni Bara Hindi na maeneo jirani, na tangu uletwe kwetu ndege na popo wamekuwa wakila matunda yake na kueneza mbegu mpaka ndani ya misitu ya pwani, ambako unaisonga miti ya wenyeji. Ukiheshimu dawa, acha mti mmoja mahali unapofaa, mbali na kuta, kisima na bomba za maji. Uliopo ukutani hautibu mtu.

Ukuta wa nyumba za kale umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na mzizi unapokuwa mnene huyasukuma mawe kama kabari. Usiuvute. Ukishakuwa mnene kuliko kidole, kuuvuta ni kuvuta na jiwe. Mwite fundi aukate usawa wa ukuta, na katika dakika zile zile, kabla utomvu haujakauka, apake kwa brashi dawa inayosafiri hadi mizizini kwenye pete ya pembeni ya kisiki, chini kidogo ya gamba, kwa kuwa hapo ndipo penye mishipa iliyo hai. Katikati ya kisiki ni mbao tu. Hapa naikubali dawa niliyomkataza dada wa Kisauni, kwa sababu ni matone machache yanayopakwa mahali pamoja, wala hapana mboga karibu. Bila dawa, mkilifi huchipua tena kutoka kisikini na mizizini, mara nyingi kwa vijiti vingi zaidi. Subiri miezi kadhaa mpaka mzizi ufe na kukauka, kisha ufa uzibwe kwa chokaa na mchanga. Asitumie saruji, kwa maana saruji ni ngumu kuliko jiwe la matumbawe, hufungia unyevu ndani, na hatimaye jiwe ndilo linalovunjika. Na kwa kuwa Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, kabla fundi hajapanda ngazi fika kwenye ofisi ya uhifadhi wa Mji wa Kale iliyo chini ya Makavazi ya Taifa, uwaeleze.

Miche ya uani ni kazi nyepesi kuliko unavyodhani. Mbegu ya mkilifi haina subira. Hupoteza uhai wake katika wiki chache, tofauti na mbegu za magugu mengine yanayolala ardhini miaka. Kwa hiyo ukifagia matunda yanapodondoka na kung'oa miche ikiwa haijapita kimo cha shubiri mbili, siku ardhi ikiwa imelowa, hakuna akiba iliyobaki chini ya kukushangaza mwakani. Itakayoletwa na ndege itakuwa michache. Wala nyanya hatakosa majani yake, ikiwa utamwachia ule mti mmoja na kuupogoa.

Mheshimiwa, kwenye rundo la samadi ya mbuzi niliyoletewa kutoka bara umeota mche wenye miiba mirefu na majani madogo madogo. Unakua haraka, nami nilitaka kuuacha uwe kivuli. Jirani anasema ni mathenge.
Msomaji wa Mikindani

Jirani yako amekufaa. Mathenge ilipandwa nchini kwa kumbukumbu inayojulikana mwaka 1973, hapa hapa karibu na Mombasa, kwa nia njema ya kuotesha miti katika machimbo ya mawe yaliyoachwa tupu. Ilipopelekwa katika nyanda kame ilienea kupita uwezo wa watu kuizuia, hasa Baringo, Garissa na Tana River, na leo sheria ya Kenya inaihesabu kuwa gugu hatari. Mbuzi hupenda maganda yake matamu, mbegu hupita tumboni zikiwa hai, na samadi huzisafirisha, kama ilivyotokea kwako. Ung'oe wiki hii. Chimba uukate mzizi mkuu sentimita 20 hadi 30 chini ya ardhi, kwa kuwa macho ya kuchipua yamefichika chini ya usawa wa udongo, na ukikata juu utakuwa umepogoa tu. Vaa viatu vyenye soli ngumu. Rundo lililobaki endelea kulikagua mpaka mvua za vuli zipite. Kwa kivuli, mkungu utakutosha.

Bwana Mshauri, ua wetu wa Likoni ni wa lantana, ile yenye maua ya manjano na waridi pamoja. Tumeanza kufuga mbuzi wawili, na tumesikia kwamba ni sumu. Tukiukata, tutabaki bila ua. Tufanyeje?
Mume na mke, Likoni

Mmesikia sawa. Majani ya lantana, ambayo sehemu nyingine huitwa mvuti, huharibu ini la mbuzi, kondoo na ng'ombe, kisha ngozi ya pua na masikio huungua juani na kuchubuka. Mnyama aliyezoea huenda akauepuka, lakini mbuzi mgeni mwenye njaa huonja kila kitu. Mkiona mmoja ameacha kula, macho yanageuka manjano na anakimbilia kivulini, mwondoeni hapo, mpeni kivuli na maji, na mwiteni daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Matunda mabichi ya kijani nayo ni hatari kwa watoto.

Msiukate ua wote kwa siku moja. Ugaweni vipande vitatu. Kipande cha kwanza kifyekwe sasa, na shina lichimbuliwe pamoja na ile sehemu nene iliyo juu ya mizizi, kwa maana kuchipua kwake huanzia hapo. Mizizi yenyewe si mirefu, na watu wawili wenye sururu humaliza hatua tano kwa asubuhi moja. Vaeni glavu, kwa kuwa miiba yake midogo huwasha. Matawi yenye matunda myaanike mahali mbuzi hawafiki, na ardhi msiichome moto, kwa sababu moto huzipa nafasi mbegu zilizolala. Pengo lililopatikana lizibeni kwa makuti yaliyosukwa, na nyuma yake pandeni vipando vya mhina, nusu mita baina ya kimoja na kingine, vuli itakapoanza. Mhina huvumilia ukame na kukatwa mara kwa mara, hufunga vizuri, na majani yake mtayauza au mtayatumia wakati wa arusi. Mhina ukifika kiunoni, hamieni kipande cha pili. Mbegu za lantana zilizoko ardhini zitaendelea kuota kwa miaka kadhaa, na ndege wataleta nyingine, kwa hiyo kila baada ya mvua piteni chini ya ua mpya mkang'oe vichipukizi vikiwa bado vinang'oka kwa vidole viwili. Mpaka kazi iishe, mbuzi wafungwe upande wa pili wa nyumba.